Pima kabla ya kukata: Jiundie pedali ya gitaa ya mwaka 1966

Jumapili ya leo tunaziweka kando pasi zilizokatika waya na taa za mezani, tugeukie jambo linaloulizwa sana na vijana wa mjini, hasa wale wanaopiga gitaa kanisani, shuleni au katika bendi ndogo ndogo za mtaani. Swali lenyewe ni hili: ile sauti ya gitaa la umeme inayokwaruza na kunguruma, iliyotia fora miaka ya sitini, hutoka wapi? Na je, kijana anaweza kuipata bila kumsumbua mzazi kwa pesa nyingi?

Jibu ni kwamba anaweza. Sauti hiyo hutoka kwenye kisanduku kidogo kinachowekwa sakafuni na kuwashwa kwa kukanyagwa, ndiyo maana huitwa pedali. Zile za kale huuzwa ghali kwa wakusanyaji wa ughaibuni. Hata hivyo, ukiifungua mojawapo utashangaa: ndani mna transista mbili, rezista nne, kapasita tatu na betri. Basi! Mwanafunzi mwenye subira anaweza kuunda nyingine kama hiyo juu ya meza ya jikoni kwa siku mbili za likizo.

Lakini sharti nikuonye mapema. Kuunakili mchoro ni kazi nyepesi. Kazi yenyewe iko katika kupima, na mimi nilijifunza hilo kwa gharama, kama nitakavyokusimulia.

KASORO ILIYOPENDWA

Mwanzo wa sauti hii ulikuwa hitilafu. Mwanzoni mwa miaka ya sitini, mjini Nashville, Marekani, mwimbaji Marty Robbins alikuwa akirekodi wimbo uitwao "Don't Worry". Kifaa kimoja cha studio kikaharibika, na gitaa zito alilokuwa akipiga Grady Martin likatoka likikoroma kama mtu mwenye mafua. Badala ya kuifuta, sauti hiyo iliachwa kwenye sahani. Fundi mitambo Glenn Snoddy akaunda kifaa cha kuitoa makusudi, na kufikia 1962 kampuni ya Gibson ikawa inakiuza kwa jina la Maestro Fuzz-Tone. Mwaka 1965 Keith Richards wa kundi la Rolling Stones alikitumia katika "Satisfaction", na dunia nzima ikasikia.

Kule Uingereza, Dave Davies wa kundi la Kinks alikuwa ameshachukua njia ya mkato mwaka 1964: aliichana kwa wembe koni ya karatasi ya spika yake ili ikwaruze. Usijaribu hilo kwa spika ya nyumbani!

Halafu mwaka 1966 kampuni ya Arbiter ya London ikatoa pedali iliyoitwa Fuzz Face. Kisanduku chake kilikuwa cha chuma, cha mviringo, na mwenye kampuni, Ivor Arbiter, alilipata wazo hilo kwa kutazama kitako cha kusimamishia maikrofoni. Vifundo viwili vilikaa juu yake kama macho ya uso. Mwaka huo huo Jimi Hendrix alihamia London kutoka Marekani, na pedali hiyo ikawa chini ya mguu wake. Barani Afrika nako, katika miaka ya sabini, vijana wa Zambia wenye bendi kama WITCH na Ngozi Family waliijaza sauti ya aina hiyo katika muziki wao.

Hiyo Fuzz Face ndiyo tutakayoiigiza leo.

SAUTI HUKWARUZA VIPI?

Bila shaka umewahi kupanda matatu ambayo redio yake imefunguliwa hadi spika zinalia. Ukisikiliza vizuri utagundua kwamba sauti haizidi tena kupanda, inachakaa tu. Kinachotendeka ni hiki: mtambo umefika mwisho wa nguvu zake.

Uzi wa gitaa ukitetema huzalisha umeme mdogo sana, sehemu tu ya volti moja. Umeme huo hupanda na kushuka kama mawimbi ya bahari, na vilele vyake ni vya mviringo. Transista ya kwanza hulikuza wimbi hilo. Ya pili hulikuza tena, lakini betri ni ya volti 9 tu, hivyo wimbi haliwezi kupita hapo. Huwa kama mtu mrefu anayepita mlango mfupi asiinamishe kichwa: kilele hukatwa kikawa bapa.

Kukatwa huko ndiko kunakoleta mkwaruzo. Uzi wa tano wa gitaa, ukipigwa wazi, hutetema mara 110 kwa sekunde. Wimbi lake likikatwa, mitetemo ya juu yake, yaani 220, 330, 440 na kuendelea, hupata nguvu kuliko kawaida, na sikio husikia sauti nene, kali, inayodumu muda mrefu. Ndiyo sababu pia ukipiga nyuzi zote sita kwa pamoja hutasikia ila zogo. Piga uzi mmoja mmoja, au miwili kwa pamoja.

VIFAA UNAVYOHITAJI

Kwa walio Nairobi, vitu hivi havina budi kutafutwa kwenye maduka ya vipuri vya elektroniki kama yale ya Luthuli Avenue. Nenda na orodha mkononi:

– Transista mbili za jemaniamu, AC128.
– Rezista nne: kilo-omu 33 (mistari mitatu ya rangi ya machungwa), kilo-omu 100 (kahawia, nyeusi, njano), kilo-omu 8.2 (kijivu, nyekundu, nyekundu) na omu 470 (njano, zambarau, kahawia).
– Kapasita tatu: mikrofaradi 2.2, mikrofaradi 22 na mikrofaradi 0.01. Hii ya mwisho aghalabu huandikwa 103.
– Voliumu mbili za kuzungusha kama ile ya redio: moja ya kilo-omu 1, nyingine ya kilo-omu 500.
– Voliumu moja ndogo ya kuzungushwa kwa bisibisi, ya kilo-omu 20.
– Matundu mawili ya kuchomeka waya wa gitaa, swichi ya kukanyaga yenye miguu sita, betri ya volti 9 na kichwa chake.
– Kibao chenye matundu cha kuunganishia, nyaya, na kisanduku cha bati au alumini. Plastiki haifai, kwa kuwa haiizuii miungurumo ya stima iliyo hewani.

Kipuri kigumu kupatikana ni transista. Jemaniamu ndiyo iliyotumika kwa wingi katika miaka ya hamsini na sitini kabla ya silikoni kuchukua mahali pake. Fuzz Face za mwanzo zilikuwa na NKT275, za jemaniamu vilevile. AC128 zilitumika sana katika redio za betri za zama hizo, katika sehemu ya kusukuma spika. Huenda basi zikawa zimelala kwenye redio mbovu ya babu, juu ya kabati. Na hapo ndipo lilipo kosa langu.

REDIO YA BABA

Nilipoanza uchu wa mambo haya, nilizitafuta transista hizo kila mahali nikazikosa. Tulipokwenda nyumbani mashambani, nikaiona redio ya marehemu baba, ile aliyoisikilizia habari kila jioni, ikiwa imenyamaza kwa miaka. Nilijiambia kwamba imekufa. Bila kumuuliza mtu, nikaifungua, nikashika koleo nikazikata transista miguu. Moja ilikatikia shinani kabisa ikawa haifai kitu.

Mama aliponikuta hakugomba. Aliuliza tu, "Mwanangu, kwani uliipima ukajua imekufa?"

Sikuwa nimeipima. Nilipochunguza baadaye niligundua kwamba kilichokuwa kimeharibika ni kibati cha betri kilicholiwa na kutu, kikaachana na waya wake. Tone moja la risasi ya kulehemu lingeirudishia redio ile sauti yake. Nimekwisha kuunda pedali kadhaa tangu siku hiyo, ila redio ya baba haijasema tena.

Kwa hiyo, kijana, usiguse redio ya mtu kabla hujaomba ruhusa. Na ukiruhusiwa, ipime kwanza. Ikiwa inaweza kupona, iponye. Ikiwa imekufa kweli, ichomoe transista kwa kuyeyusha risasi, usiikate.

KUPIMA TRANSISTA

Utahitaji mita ya umeme, ile ndogo yenye waya mwekundu na mweusi. Kwanza hakikisha kwamba ni jemaniamu, maana wako wauzaji wanaokupa chochote chenye miguu mitatu. Iweke mita kwenye alama ya kupimia dayodi. Waya mweusi uguse mguu wa besi, mwekundu uguse mguu mwingine wowote kati ya miwili iliyobaki. Jemaniamu huonyesha kati ya volti 0.2 na 0.35 hivi. Ikisoma 0.6 au 0.7, hiyo ni silikoni; irudishe dukani.

Pili, pima uvujaji na uwezo wa kukuza. Transista za jemaniamu huvuja: hupitisha umeme kidogo hata zisipoamriwa. Isitoshe, mbili zilizotoka kiwanda kimoja siku moja zaweza kutofautiana sana. Usitegemee kile kitundu cha mita cha kupimia transista, kwa kuwa huhesabu uvujaji kama ukuzaji, nawe ukadhani umepata dhahabu.

Fanya hivi. Unganisha emita na upande chanya wa betri ya volti 9. Unganisha kolekta na upande hasi kupitia rezista ya kilo-omu 2.4. Besi iache bila kuunganishwa. Sasa pima volti zilizo katika miguu miwili ya rezista hiyo. Huo ndio uvujaji. Ukizidi volti 0.5, transista hiyo haifai kwa kazi yetu.

Kisha iunganishe besi na upande hasi kupitia rezista ya mega-omu 2.2. Kipimo kitapanda. Toa kile cha kwanza kwenye hiki cha pili, uzidishe kwa 100. Mathalani, ikiwa kwanza ulisoma 0.12 na sasa unasoma 0.92, tofauti ni 0.80, na uwezo wa kukuza ni 80. Kama huna hakika mguu upi ni kolekta na upi ni emita, jaribu njia zote mbili. Inayotoa hesabu kubwa ndiyo sahihi.

Jambo moja zaidi: usiishike transista kwa vidole unapopima. Joto la mkono tu laweza kuupandisha uvujaji. Ukiishika, iweke chini, subiri dakika chache ipoe, ndipo usome.

Kwa nafasi ya kwanza tafuta yenye 70 hadi 80 hivi. Kwa nafasi ya pili tafuta yenye 110 hadi 130. Huenda ukapima kumi upate mbili tu. Usikate tamaa. Hii ndiyo sababu hata pedali za asili, zilizotoka kiwanda kimoja, hazikulia sawa: moja hunguruma kwa utamu, jirani yake hulia kama nyuki ndani ya chupa.

KUUNGANISHA

Hapa ndipo wengi hupotea: katika pedali hii upande chanya wa betri ndio unaounganishwa na ardhi, yaani na kisanduku, kinyume cha vifaa vingi vya siku hizi. Nikitaja ardhi, elewa hivyo.

Kwanza, umeme wa gitaa uingie kwenye upande chanya wa kapasita ya 2.2. Upande wake hasi uende kwenye besi ya transista ya kwanza. Emita ya transista hiyo iende ardhini.

Pili, kolekta ya kwanza iungane na besi ya transista ya pili. Hapo hapo itoke rezista ya kilo-omu 33 hadi upande hasi wa betri.

Tatu, emita ya pili iende kwenye mguu wa ukingoni wa voliumu ya kilo-omu 1, na ukingo wa pili wa voliumu hiyo uende ardhini. Mguu wa kati upokee upande hasi wa kapasita ya 22, ambayo upande wake chanya uko ardhini. Kutoka emita hiyo hiyo ya pili, rezista ya kilo-omu 100 irudi hadi besi ya transista ya kwanza. Hii ndiyo inayozifanya transista mbili zisikilizane.

Nne, kolekta ya pili ipite kwenye rezista ya kilo-omu 8.2, halafu ile ya omu 470, hadi upande hasi wa betri. Pale rezista hizo mbili zinapokutana, toa kapasita ya 0.01 hadi ukingo wa voliumu ya kilo-omu 500. Ukingo wake mwingine uende ardhini, na mguu wa kati upeleke sauti kwenye amplifaya.

Unapolehemu, shika mguu wa transista kwa koleo ndogo, kati ya mwili wake na ncha ya chuma cha moto, ili joto liishie kwenye koleo. Usikae na chuma hapo zaidi ya sekunde mbili tatu. Afadhali zaidi, lehemu soketi ndogo, kisha uchomeke transista mwishoni. Swichi ya kukanyaga iwe ya mwisho kabisa. Jaribu kwanza sakiti bila hiyo, usije ukatafuta kosa mahali pawili kwa wakati mmoja.

KUREKEBISHA

Nilisema rezista ya 8.2, lakini kipimo hicho kilifaa transista walizokuwa nazo wenyewe. Zako si zao. Kwa hivyo, mahali pake weka kwanza ile voliumu ndogo ya bisibisi. Unganisha betri, waya mwekundu wa mita uguse ardhi, mweusi uguse kolekta ya transista ya pili. Zungusha polepole hadi mita isome volti 4.5, nusu ya betri. Hapo wimbi litakuwa na nafasi sawa ya kupanda na kushuka kabla ya kukatwa. Kisha sikiliza kwa masikio yako, uongeze au upunguze kidogo. Ukiridhika, unaweza kuiacha hapo hapo au kuipima na kuweka rezista ya kiasi hicho.

Kumbuka kwamba jemaniamu huogopa joto. Pedali uliyoirekebisha Nairobi mwezi Julai yaweza kubadilika sauti ukiipeleka Mombasa mwezi Februari, kwa kuwa ile 4.5 huhama. Usiiache juani wala ndani ya gari lililofungwa.

Ukikosa jemaniamu kabisa, tumia silikoni ya BC108, kama walivyokuja kufanya wenye Fuzz Face baadaye. Sauti huwa kali zaidi, na joto haliisumbui sana. Ila betri na zile kapasita mbili zenye pande itabidi vigeuzwe, na ardhi iwe upande hasi.

Chomeka gitaa moja kwa moja kwenye pedali, pasiwe na kifaa kingine katikati. Ukipunguza voliumu ya gitaa lenyewe, mkwaruzo utalainika hadi karibu kuwa sauti safi. Ukiirudisha juu, ngurumo hurudi. Wapigaji wa zamani waliutumia ujanja huo bila kuinua mguu.

TAHADHARI KWA WAZAZI

Risasi ya kulehemu yaweza kuwa na madini ya ledi, ambayo ni sumu. Fungua madirisha, ondoa chakula mezani, na watoto wanawe mikono kwa sabuni wakimaliza. Watoto wadogo wasikaribie.

Pedali yenyewe hutumia betri tu na haiwezi kumdhuru mtu. Hula umeme usiofika miliampia 1, hivyo betri hukaa siku nyingi. Usijaribu kuitilia umeme wa adapta moja pamoja na pedali nyingine, kwa sababu ardhi zao zinapingana na utaunguza kitu. Amplifaya usiifungue kamwe: ndani mna umeme wa kuua, ambao waweza kubaki hata baada ya kuing'oa ukutani.

Na ukisha kuunda yako, usiandike juu yake jina la Fuzz Face ukaiuza. Jina hilo lina wenyewe. Ipe jina lako.

Mzazi, mtoto akikuomba pesa za mita ya umeme, mfikirie. Kesho atapima nayo betri ya saa, fyuzi, waya wa pasi na redio iliyonyamaza. Nami laiti ningekuwa na mita mkononi siku ile, mama angali anasikiliza habari za saa moja kwenye redio ya mumewe.

Jumapili ijayo tutaona jinsi ya kusafisha vibati vya betri vilivyoliwa na kutu.